Jarida la Tiba Lilipobandikwa Lebo ya Onyo

Tarehe 2 Novemba 2021, jarida la BMJ la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1840, lilichapisha makala ya uchunguzi kuhusu Ventavia, kampuni ya Texas iliyopewa kandarasi ya kuendesha sehemu ya jaribio la chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer. Mkurugenzi wa kanda, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo kwa majuma mawili tu mnamo Septemba 2020, alikuwa amelikabidhi jarida nyaraka, picha na sauti zilizorekodiwa. Madai yake yalikuwa mazito: kwamba baadhi ya takwimu zilighushiwa, kwamba watoa chanjo hawakuwa na mafunzo ya kutosha, kwamba washiriki waliopata madhara walichelewa kufuatiliwa, na kwamba siri ya nani amepewa chanjo na nani amepewa sindano isiyo na dawa haikutunzwa ipasavyo. Alikuwa amezipeleka habari hizo kwa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na siku hiyo hiyo akaachishwa kazi.

Makala ilihaririwa, ikapitiwa na wanasheria, ikasomwa na wataalamu wa nje. Haikufika siku kumi kabla wasomaji hawajaanza kuliandikia jarida kwamba hawawezi kuisambaza makala hiyo katika Facebook bila kukumbana na onyo. Wengine walielezwa kwamba taarifa hiyo inakosa muktadha na huenda ikawapotosha watu. Onyo lilitokana na kazi ya Lead Stories, taasisi ya uhakiki iliyokuwa na mkataba na Facebook, ambayo katika maandishi yake iliita BMJ blogu ya habari.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa fani ya afya hana budi kulitazama kwa makini. Wahakiki hawakuonyesha sentensi yoyote ya makala iliyokuwa ya uongo. Hoja yao ilikuwa nyingine: kwamba wapinzani wa chanjo waliichukua makala hiyo kuwa ushahidi kwamba jaribio zima lilikuwa batili. Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Ventavia ilisimamia washiriki wapatao 1,000 kati ya takriban 44,000, na uwezo wa chanjo kuzuia ugonjwa mkali umethibitishwa baadaye na tafiti nyingi zilizofanywa na watu wasiohusiana kabisa na kampuni hiyo. Lakini dosari katika mwenendo wa utafiti hubaki dosari hata pale matokeo yanaposimama, na kuzisema ni kazi halali ya jarida la tiba. Kulibandika lebo kwa sababu ya namna wasomaji fulani watakavyolitumia ni kumwadhibu msemaji kwa kosa la msikilizaji. Tarehe 17 Desemba 2021 wahariri Fiona Godlee na Kamran Abbasi walimwandikia Mark Zuckerberg barua ya wazi, wakidai uhakiki ule urekebishwe. Lead Stories ilishikilia msimamo wake.

Ni haki kueleza kwamba kampuni za mitandao hazikufika hapo kwa hila. Mwanzoni mwa mwaka 2020 uvumi ulienea nchini Iran kwamba kunywa pombe huzuia virusi vipya, na mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe haramu yenye methanoli. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya macho. Wapo wanaoponea chupuchupu wakabaki vipofu. Tabibu aliyewahi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo hana subira na mjadala mrefu kuhusu haki ya kueneza uvumi ule. Ujumbe unaomtaka mtu anywe sumu leo usiku unaweza kuondolewa bila sayansi kupoteza chochote.

Tatizo lilianza pale kipimo cha methanoli kilipotumiwa kwa mambo yasiyofanana nayo. Mwezi Aprili 2020 mkuu wa YouTube wakati huo, Susan Wojcicki, alitangaza kwamba maudhui yanayokwenda kinyume na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yatahesabiwa kuwa yanavunja sera za mtandao huo. Kanuni hiyo inaonekana ya busara hadi mtu anapokumbuka kwamba majuma machache kabla, tarehe 28 Machi, shirika hilo hilo lilikuwa limetangaza katika Twitter, kwa herufi kubwa, kwamba UVIKO-19 HAUENEI kwa njia ya hewa. Wataalamu wa fizikia ya erosoli walipinga. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kabla maelezo ya shirika kukubali bayana kwamba chembechembe zinazoelea hewani ni mojawapo ya njia kuu za maambukizi. Kuhusu barakoa pia, ushauri kwa wananchi wa kawaida ulibadilika tarehe 5 Juni 2020. Mabadiliko hayo si aibu. Ndivyo elimu inavyokua. Aibu ni kuugeuza ushauri wa mwezi huu kuwa mpaka wa kinachoruhusiwa kusemwa, ilhali unaweza kubadilika mwezi ujao kwa sababu tu mtu fulani aliruhusiwa kuupinga.

Facebook ilijifunza jambo hilo hadharani. Tarehe 8 Februari 2021 iliongeza katika orodha ya maudhui ya kuondolewa dai kwamba virusi vya UVIKO-19 vilitengenezwa na binadamu. Tarehe 26 Mei mwaka huo huo ikalitoa dai hilo katika orodha, siku ile ile Rais Joe Biden alipovipa vyombo vyake vya ujasusi siku 90 za kuchunguza upya asili ya virusi. Katika muda wa miezi mitatu na nusu virusi havikuwa vimebadilika asili yao. Kilichobadilika ni hali ya siasa mjini Washington.

Mfano unaoumiza zaidi ulitokea Wuhan, kabla ugonjwa haujapewa jina. Tarehe 30 Desemba 2019 Li Wenliang, daktari wa macho katika Hospitali Kuu ya Wuhan, aliwaandikia madaktari wenzake katika kundi la WeChat kwamba wagonjwa saba waliohusishwa na soko la vyakula vya baharini wamethibitishwa kuwa na SARS, wachukue tahadhari. Tarehe 3 Januari 2020 polisi walimwita na kumtia saini karatasi ya karipio kwa kueneza maneno yasiyo ya kweli. Alirudi kazini, akaambukizwa, akafa tarehe 7 Februari. Tarehe 28 Januari, Li akiwa bado hai, Mahakama ya Juu ya Watu wa China ilikuwa imechapisha maoni kwamba pengine ingekuwa heri laiti umma ungeusadiki uvumi huo mapema na kuanza kujikinga.

Kwa kipimo cha mhakiki, Li alikosea: ugonjwa ule haukuwa SARS ya mwaka 2003, ingawa virusi vyake ni vya ukoo mmoja. Mhakiki mwaminifu kabisa, akiwa na vitabu vyote mezani, angeweza kuubandika ujumbe wake lebo ya uongo. Lakini kila daktari aliyeusadiki akavaa barakoa alifanya jambo sahihi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtaalamu wa milipuko huliamini neno hilo kuliko anavyopenda kukiri, kwa kuwa milipuko mingi hugunduliwa kwanza kama fununu ya muuguzi au mwalimu aliyeona watoto wengi hawaji shule.

Kwa hiyo swali la kwanza la msimamizi wa maudhui, yaani kama jambo ni kweli au si kweli, katika siku za mwanzo za janga mara nyingi halina jibu. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mtu akiliamini neno hili atafanya nini kesho, na akigundua amekosea, je, ataweza kurudi alikotoka? Aliyekunywa methanoli harudi. Mzazi anayemnyima mtoto chanjo ya surua wakati ugonjwa uko mtaani anaweza asirudi. Lakini mtu anayesadiki kwamba virusi vilitoka maabara, au anayesoma kwamba kampuni moja ya Texas ilifanya kazi kizembe, hana dawa hatari aliyoimeza.

Kuna pia hesabu, ambayo wanasiasa wa pande zote mbili huikwepa. Usimamizi wa maudhui ni uchunguzi wa awali wa ugonjwa adimu katika umma mkubwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika machapisho 1,000,000 yapo 1,000 yenye madhara ya kweli, na mashine inayakamata 95 kwa 100 ya hayo, ikikosea kwa machapisho salama mara moja tu katika 100. Itakamata machapisho 950 yenye madhara, na pamoja nayo machapisho salama 9,990. Kwa kila chapisho baya litakaloondolewa, zaidi ya mazuri kumi yatakwenda nalo. Mwanafunzi wa tiba hufundishwa kwamba kipimo cha namna hiyo hakitumiki peke yake. Mgonjwa hupimwa tena kabla ya kukatwa mguu. Meta, kampuni mama ya Facebook na Instagram, iliondoa machapisho milioni 27 kwa kigezo cha upotoshaji kuhusu UVIKO-19 kati ya Machi 2020 na Julai 2022, na kati ya hayo milioni 1.3 yalirudishwa baada ya wenyewe kukata rufaa. Hao ni waliokata rufaa. Mwaka 2023 Bodi ya Usimamizi iliyoundwa na kampuni hiyo iliishauri iyapitie upya madai yote 80 iliyokuwa ikiyaondoa, moja baada ya jingine.

Nchini Marekani mjadala huu huendeshwa kwa lugha ya katiba. Marekebisho ya Kwanza huizuia serikali kunyamazisha raia. Hayaizuii kampuni binafsi. Swali likawa: je, maofisa wa serikali wanapoisihi kampuni iondoe maneno fulani, mkono unaofuta ni wa nani? Kesi ya Murthy dhidi ya Missouri ililifikisha swali hilo Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 26 Juni 2024, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba walalamikaji hawakuthibitisha haki ya kushtaki. Swali lenyewe halikujibiwa. Wakati huo kampuni zilikuwa zimeanza kugeuka. Twitter ilikuwa imeacha kutekeleza sera yake kuhusu upotoshaji wa UVIKO-19 mwezi Novemba 2022, na tarehe 7 Januari 2025 Zuckerberg alitangaza kwamba Meta itaacha kutumia taasisi za uhakiki nchini Marekani, badala yake watumiaji waongeze maelezo yao wenyewe chini ya machapisho.

Walioshangilia uamuzi huo kama ushindi wa uhuru walisahau kwamba mtandao hauachi kuhariri kwa kuwa umeacha kufuta. Algoriti ndiyo inayoamua chapisho lipi liwafikie watu mia na lipi milioni, na huongozwa na kile kinachoteka macho. Mtu ana haki ya kusema kwamba chanjo ya surua ni sumu. Hana haki ya kupewa kipaza sauti cha bure kila asubuhi. Kupunguza kasi ya mwendo wa dai lenye madhara, bila kulifuta na kwa taarifa kwa aliyeliandika, kunaacha mlango wa kusahihishana wazi kuliko lebo.

Kwa Mtanzania mjadala una sura nyingine, kwa sababu kalamu nyekundu hapa haiko mikononi mwa kampuni peke yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa mwaka 2020 ziliweka katika orodha ya yaliyokatazwa taarifa kuhusu mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza zisizo na idhini ya mamlaka husika. Nia ya kuzuia taharuki inaeleweka. Lakini ujumbe wa Li Wenliang ulikuwa taarifa ya namna hiyo hasa, na haukuwa na idhini.

Tena kuna wale wanaoifanya kazi yenyewe. Kwa miaka kadhaa ofisi iliyosimamia maudhui ya Facebook ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini ilikuwa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama. Vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Uganda, Somalia na kwingineko walitazama mauaji na ubakaji kwa zamu ili wengine wasiyaone. Mwaka 2023 kampuni ilipoacha kazi hiyo, zaidi ya 180 kati yao walifungua kesi. Mwezi Desemba 2024 ikawekwa wazi ripoti ya Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliyewapima zaidi ya 140 kati yao na kuwakuta na ugonjwa wa msongo utokanao na kiwewe, wengi katika kiwango kikali. Miezi mitatu kabla, tarehe 20 Septemba, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikuwa imekataa hoja ya Meta kwamba kampuni ya kigeni haiwezi kushtakiwa nchini humo, na hivyo kuruhusu madai yao yasikilizwe.