Ganzi ya Nyayo na Donda la Kisukari

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, msikitini na gerejini, watu wengi hushinda na kandambili. Wala si ajabu, kwani joto la ufukwe wa Ziwa Tanganyika halipatani na soksi. Lakini kwa mtu aliyekaa na kisukari miaka mingi, msumari waweza kuipenya kandambili hiyo ukamwingia unyayoni, naye akaendelea na shughuli zake bila habari, hata jioni aone damu sakafuni.

Asili yake ni ganzi. Sukari ikizidi damuni kwa muda mrefu huidhuru mishipa ya fahamu, kwanza ile mirefu ifikayo vidoleni. Maumivu hutoweka, jasho hukatika hata visigino vikapasuka, misuli midogo hudhoofu, vidole hujikunja, na uzito wa mwili ukaelemea mahali pamoja unyayoni, ambapo sugu huota, na chini ya sugu nyama hupondeka kwa siri. Mishipa ya damu nayo ikiwa imeziba, hasa kwa mvuta tumbaku, jeraha dogo huwa donda ndugu. Huko Dar es Salaam, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usingizini. Ikiwa ganzi humwachia panya nafasi hiyo, beseni la maji ya moto litashindwaje kumbabua mtu?

Katika tiba, naona twapenda mno vidonge. Antibiotiki ni za donda lililoambukizwa, lenye wekundu, uvimbe, joto au usaha, lisiloambukizwa halizihitaji. Lahitaji sukari ishushwe, nyama iliyokufa ikatwe, na, jambo ambalo wagonjwa hulichukia kuliko yote, lisikanyagiwe. Tabibu Mwingereza Paul Brand, aliyewatibu wakoma huko Vellore, India, alitambua kwamba vidonda vyao havikutokana na nyama kuoza yenyewe, bali na kuutembelea mguu usiohisi. Akaufunga mguu kwa plasta ngumu, uzito ukasambaa, vidonda vikapona. Njia hiyo ikaingia katika tiba ya kisukari, na fadhila yake mojawapo ni kuwa mgonjwa hawezi kuivua. Yataka, hata hivyo, mikono iliyofunzwa, na haifai damu ikiwa haifiki mguuni vizuri. Mwuza ndagala anayesimama tangu alfajiri atapumzisha mguu wiki nzima kwa riziki ipi? Swali hilo daktari hana budi kuliuliza kabla hajaandika cheti.

Kipimo cha ganzi cha nyumbani hakina gharama. Mgonjwa afumbe macho, na mtoto wake amguse kwa wepesi, bila kubonyeza, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, katika kila mguu. Akikosa kuhisi miguso miwili au zaidi kati ya hiyo sita, apelekwe miguu ikaguliwe, ijapokuwa haina hata mkwaruzo.