Sumu Izidiyo Wakati wa Ukame Ethiopia

Ukame unapozikumba nyanda za juu za Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini, ngano hukauka na tefu hunyauka, lakini mmea mmoja hubaki kijani. Nao ni guaya, jamaa ya dengu na njegere, ambao mbegu zake zina protini ipatayo robo ya uzito wake au zaidi. Mkulima huipanda mvua kubwa zinapokwisha, katika udongo mweusi wa mfinyanzi, nayo hukua kwa unyevu uliosalia ardhini.

Kwa mwenye njaa hiyo ni neema. Hata hivyo, ndani ya mbegu hizo mna sumu ya asili idhuruyo mishipa ya fahamu, na kiasi chake hakilingani kila mwaka. Mmea ukikosa maji huizidisha. Aidha, huongezeka katika udongo uliopungukiwa na madini ya zinki, hasa ukiwa na chuma kingi. Hivyo guaya iliyoliwa bila madhara mwaka wa mvua njema yaweza kuvunwa mwaka wa kiangazi ikiwa na sumu nyingi zaidi, wala macho hayaoni tofauti.

Msiba ni kwamba mwaka huo ndio usio na chakula kingine. Aliyezoea kuichanganya na nafaka sasa huila tupu, asubuhi na jioni, kwa miezi miwili mitatu, hata miguu ikakamaa. Akili haiguswi, bali miguu haiponi tena. Katika wilaya ya Delanta Dawunt, kaskazini-mashariki, baada ya ukame wa miaka ya 1995 na 1996, watu zaidi ya 2,000 walipatwa na ulemavu huo.

Wako wasemao ipigwe marufuku. India ilikataza uuzaji wake mwaka 1961, na wakulima wakaendelea kuilima. Nani atakitupa chakula pekee kilichomo ghalani? Afadhali mbegu bora. Mwaka 2006 Ethiopia ilitoa aina iitwayo Wasie, yenye sumu kidogo, ijapokuwa nayo hapana budi ipimwe katika kila udongo.

Kuiloweka guaya na kumwaga maji yake hupunguza sumu, lakini katika ukame maji yenyewe ni ya kutafutwa. Kuichanganya na nafaka kwafaa zaidi. Kwa hiyo magunia ya msaada yapaswa kufika mapema, kabla familia haijamaliza miezi miwili ikila guaya peke yake.