Rundo la bidoni ni sanaa? Namna wanafunzi wanavyojenga kazi ya tamasha

Mtu akipita mahali wanafunzi wanaandaa tamasha la sanaa, anaona kamba, bidoni za njano zilizotoboka, mabati ya zamani na vijana juu ya ngazi. Anauliza: "Hii iko sanaa ao iko uchafu?" Swali hilo si la ujinga. Wanafunzi wenyewe wanapashwa kulijibu mbele ya kufunga kamba ya kwanza.

Ni kitu gani?

Picha inachorwa, sanamu inachongwa. Kuna kazi ya aina nyingine: msanii anachukua vitu, anavipanga ndani ya nyumba, uwanjani ao kando ya barabara, mpaka mahali penyewe panakuwa sehemu ya kazi. Mtazamaji hasimami mbele tu. Anaingia ndani, anazunguka, anainama. Wanaosoma sanaa kwa Kifaransa wanaiita instalasio. Tamasha likiisha, mara nyingi inabomolewa.

Kwa watu wa Fizi wazo hilo si geni kabisa. Wazee wa Kibembe wanajua kinyago cha alunga, chenye sura mbili, moja mbele na moja nyuma, pamoja na vazi la nyuzi linalofunika mwili. Hakikutengenezwa kwa kutundikwa ukutani. Kilikuwa na watu wake, ngoma yake na wakati wake wa kutoka. Ukikitoa katika hayo yote na kukiweka ndani ya kioo cha makumbusho, kunabakia mbao tu.

Wanafunzi waliofungua njia

Katika Kongo, shule ya sanaa inayojulikana zaidi ni Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, kilichoanzishwa mwaka 1943 kule Gombe-Matadi na mtawa mmoja Mkatoliki, halafu kikahamishiwa mji mkuu. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa zaidi kuchora na kuchonga. Mwaka 2003 vijana waliopitia hapo, kati yao Pathy Tshindele, Mega Mingiedi na Eddy Ekete, waliunda kikundi Eza Possibles, maana yake kwa Kilingala "inawezekana". Walitaka kutoa sanaa darasani na kuipeleka mitaani.

Mwaka 2015 Ekete alianzisha tamasha la KinAct. Humo wasanii wanatembea barabarani wakiwa wamevaa makopo, nyaya, chupa na vipande vya simu zilizokufa. Wapita njia wanacheka kwanza, halafu wanatambua kwamba ni takataka zao wenyewe zinawafuata. Huku Lubumbashi, tangu mwaka 2008, kuna mikutano ya sanaa yenye jina la Kiswahili, Picha, ambako vijana wanapata pia mafunzo.

Kazi inaanzia wapi?

Inaanza na swali, si na vitu. Tuseme wanafunzi wa Baraka wanataka kuonyesha namna maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda miaka hii na kuingia ndani ya nyumba za watu. Wanaweza kusimamisha miti pale nyumba zilipokuwa, na kufunga bidoni kwenye kila mti kwa urefu ambao maji yalifika. Mtu akipita katikati yake, anaona bidoni moja iko kwenye goti, nyingine kwenye kifua. Hahitaji kuelezwa sana.

Hatua zenyewe ni hizi:

Kwanza, kuomba ruhusa kwa mwenye kiwanja na kwa mkuu wa mtaa. Na wenye nyumba zilizoharibika waulizwe kama wanakubali msiba wao uonyeshwe.

Pili, kupima mahali: upepo wa ziwa unatokea wapi, jua linapiga saa ngapi, watu wanapita upande gani.

Tatu, kukusanya vitu, kuvisafisha na kuvichambua. Hapo njo siku nyingi zinakwisha.

Nne, kujaribu kidogo. Wanafunga bidoni tano, wanaziacha usiku mzima. Kamba ikikatika, ikatike mbele watoto hawajafika.

Tano, kupanga walinzi. Watoto watagusa tu. Kwa hiyo kisiwepo chenye ncha kali, na kizito kisitundikwe juu ya vichwa.

Bidoni zilizotoboka zinaweza kupatikana bure, lakini kamba, misumari, usafiri na chakula cha wanaofanya kazi vinaomba franga. Kikundi kisichohesabu hayo mapema kinaishia katikati.

Onyo kuhusu vyuma vya vita

Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa, anajulikana duniani kwa sanamu zilizounganishwa kwa maganda ya risasi. Kazi yake inagusa watu wengi, na kijana wa Fizi anaweza kusema: "Hata sisi tunavyo." Lakini hapa kwetu, penye watu walipigana mara nyingi, kinachoonekana kuwa ganda tupu kinaweza kuwa bado na baruti ndani. Bomu la zamani linaweza kulipuka hata kisha miaka mingi. Asiguse mtu, asirushe jiwe, asichome moto. Arudi kwa njia aliyopitia, azuie wengine, na kujulisha wakubwa wa eneo. Hakuna tamasha linalostahili mkono wa mtoto.

Na asiye na shule ya sanaa?

Kutoka Baraka mpaka Kinshasa, ukipima angani, ni zaidi ya kilometa 1,500. Wengi hawatafika kwenye chuo kile. Lakini Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, hakusomea sanaa. Alijenga miji mizima kwa karatasi ngumu, gundi na vifungashio, na mwaka 2018 miji hiyo ilijaza vyumba vya makumbusho makubwa ya New York.

Kikundi cha wanafunzi wa sekondari, pamoja na mwalimu mmoja na fundi seremala wa mtaa, kinaweza kuanza. Siku ya kubomoa, watu wakiuliza juu ya nini bidoni fulani ilikuwa juu kuliko nyingine, na mama mmoja akajibu, "Pale njo maji yalifika kwangu," lile swali la uchafu limekwisha kujibiwa.