Wano la mti au la kaboni? Siri ya mshale usiopotea njia

KWA mzee wa Kikamba aliyekulia Mutomo, Ikutha au Kibwezi, mshale haukuwa pambo la kutundikwa ukutani. Ulikuwa kitoweo, ulikuwa ulinzi wa mifugo na, enzi za biashara ya pembe, ulikuwa mali. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake iliteremsha pembe za ndovu hadi pwani ya Mombasa. Sehemu kubwa ya utajiri wa aina hiyo ilianzia kwenye ncha ya mshale.

Leo kijana wa Kitui mjini au Wote anayetamani kujifunza kulenga shabaha hukutana na mshale wa aina nyingine kabisa: bomba jembamba, jeusi, jepesi, lililotengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi kiwandani. Swali linalomkabili ni lile lile lililomkabili babu yake porini. Ni wano lipi, yaani ule mwili wa mshale unaobeba chembe mbele na manyoya nyuma, litakalodumu na kufika linakotumwa?

Jibu ni kwamba nyenzo si jambo la kwanza. Mti au kaboni, wano jema hutambulika kwa mambo matatu: unyoofu wake, ukakamavu unaolingana na upinde, na uzito usiotofautiana kati ya mshale mmoja na mwingine. Mafundi wa Ukambani walilijua hilo kwa jicho na kidole. Viwanda vya kaboni hulipima kwa mashine.

SHERIA KWANZA

Kabla ya kuingia katika ufundi, jambo moja halina budi kusemwa wazi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Mei mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikasisitiza marufuku hayo: kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa, na kuwinda kwa ajili ya michezo ni kosa vilevile. Zipo nchi, kama vile Namibia na Afrika Kusini, ambako mtu mwenye kibali huruhusiwa kuwinda kwa upinde. Kenya si mojawapo.

Suala hili si la vitabuni kwa wakazi wa Kitui na Makueni. Kaunti zote mbili zinapakana na eneo la Tsavo, lililofanywa mbuga ya taifa mwaka 1948. Ardhi ambayo Wakamba na Wawaata waliwinda kwa vizazi vingi iligeuka kuwa mahali pa kukamatwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 msako mkubwa uliendeshwa dhidi ya wawindaji wa pinde katika eneo hilo. Tangu wakati huo wakulima wa mpakani wamebaki katika hali ngumu. Ndovu huingia mashambani na kula mazao, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuuchukua upinde wa babu yake.

Upande wa pili nao una machungu yake. Mwezi Mei mwaka 2014 ndovu aliyejulikana kama Satao, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wenye sumu. Kifo hicho kiliifanya silaha hiyo ya kale itajwe duniani kote, lakini kama chombo cha wizi.

Kwa hiyo mahali halali pa mshale nchini Kenya leo ni uwanja wa shabaha. Mahali hapo si padogo. Mwaka 2016, katika sherehe za kufungua Michezo ya Olimpiki jijini Rio de Janeiro, bendera ya Kenya ilibebwa na mlenga shabaha kwa upinde, Shehzana Anwar.

ELIMU YA WAZEE

Mshale wa kuwindia wa Kikamba ulikuwa na werevu ambao haukuonekana kwa mtazamo wa haraka. Chembe ya chuma ilifungwa kwenye kijiti kifupi, na kijiti hicho kikachomekwa mbele ya wano bila kukazwa. Mnyama alipopigwa, chembe na kijiti vilibaki mwilini, nalo wano likachomoka na kuanguka. Mwindaji aliliokota na kulitumia tena. Huo ndio uliokuwa uimara wa mshale huo: haukuundwa ili ustahimili kishindo, bali ili ukikwepe.

Kilichoua hasa kilikuwa sumu, iitwayo ivai kwa Kikamba, itokanayo na mti ambao kemikali yake huvuruga mapigo ya moyo. Kwa sababu hiyo mshale haukuhitaji uzito mkubwa wala nguvu ya kupenya mifupa. Ulihitaji kufika tu. Usahihi ndio uliokuwa kila kitu, na usahihi ulianzia kwenye uteuzi wa kijiti.

Miti ya jamii ya mkole, inayoota kwa wingi katika nyika za Ukambani, ilipendwa kwa sababu matawi yake huchipua marefu na yaliyonyooka, na mbao zake hupinda bila kuvunjika upesi. Tawi lilikatwa, likaambuliwa gome, likakaushwa taratibu kivulini, kisha likanyooshwa kwa joto la moto. Ule usemi wa samaki mkunje angali mbichi una maana kamili hapa. Mti uliokauka ukiwa umepinda hunyooka kwa shida, na mara nyingi huurudia upinde wake mvua zikinyesha.

Hapo ndipo penye udhaifu wa wano la mti. Hunywa unyevu, hujikunja, na hakuna vijiti viwili vilivyo sawasawa. Fundi hodari aliweza kutengeneza mishale kadhaa iliyofanana, lakini alilazimika kukataa vijiti vingi kabla ya kuvipata vichache.

MSHALE HUPINDA

Mtazamaji huamini kwamba mshale huruka ukiwa umenyooka kama reli. Sivyo. Ugwe unapoachiliwa, husukuma mshale kwa nyuma ghafla ilhali uzito wa chembe ulio mbele unakataa kuondoka. Wano hupinda katikati, likauzunguka upinde, likapinda upande wa pili, na kuendelea kutikisika kama mkia wa samaki hadi manyoya yatakapolituliza. Picha za kasi zilizopigwa miaka ya 1930 zilionyesha jambo hilo bila kuacha shaka.

Kwa hiyo wano lisipopinda kwa kiasi kinachoufaa upinde wake, mshale utakwenda kombo hata mkono wa mpigaji ukiwa imara. Kwa anayevuta ugwe kwa mkono wa kulia, wano lililo laini mno huelekea kulia, na lililo gumu mno huelekea kushoto.

Viwanda hupima ukakamavu kwa njia rahisi. Wano huwekwa juu ya nguzo mbili zilizo umbali wa inchi 28, sawa na sentimita 71, kisha uzito wa gramu 880 huning'inizwa katikati. Likibonyea nusu inchi, huandikwa namba 500. Likibonyea kidogo zaidi, huandikwa 400 au 340. Jambo hili huwachanganya wanunuzi wengi: namba ikiwa kubwa, wano ni laini, namba ikiwa ndogo, wano ni gumu.

Upinde wa mazoezi wenye mvuto wa kilo 18 hivi kwa kawaida hufaana na wano la kati ya 500 na 600. Upinde wenye nguvu zaidi, hasa ule wa kisasa wenye kapi, hudai wano gumu zaidi. Aidha, wano likikatwa kuwa fupi hugeuka gumu, na likiwekewa chembe nzito hutenda kama lililolainika. Kwa sababu hiyo mtu hapaswi kununua mishale kabla ya kujua nguvu ya upinde wake na urefu wa mvuto wake.

KUCHAGUA LA KABONI

Jambo la pili la kuangalia ni unyoofu. Mawano mengi ya kaboni huuzwa kwa madaraja matatu, yenye kupotoka kusikozidi inchi 0.006, 0.003 au 0.001. Daraja la kati, 0.003, ni sawa na chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Tofauti ya bei kati ya madaraja haya ni kubwa, lakini tofauti shabahani huonekana tu kwa mpigaji aliyekomaa. Katika Olimpiki shabaha huwekwa umbali wa mita 70, na duara la pointi kumi lina upana wa sentimita 12.2 pekee. Kwa anayejifunza umbali wa mita 18 au 30, fedha za ziada zingetumika vyema kununua mishale mingi zaidi ya daraja la kawaida.

La tatu ni uzito. Mishale ya seti moja yapaswa kulingana, kwa kuwa mzito huanguka mapema kuliko mwepesi. Hata hivyo, wepesi una mpaka wake. Mshale mwepesi kupita kiasi huuacha upinde ukibeba nguvu ambayo haikupata pa kwenda, na upinde unaweza kupasuka. Kanuni inayotumika sana hudai kwamba kwa upinde wa kilo 20 mshale mzima usipungue gramu 14 hivi.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Mpigaji huchukua mishale kadhaa yenye manyoya na mmoja usio nayo, akaipiga kutoka umbali mfupi. Ule usio na manyoya ukitua karibu na wenzake, wano limelingana na upinde. Ukijitenga upande mmoja, halikulingana.

UIMARA NA HATARI YAKE

Kaboni haijikunji kwa mvua wala kwa jua. Wenye uzoefu husema wano la kaboni ama limenyooka ama limevunjika, hakuna hali ya katikati. Ukuta mnene na kipenyo chembamba huongeza uimara, na pete ndogo ya chuma kwenye mwisho wa bomba huzuia lisipasuke likigonga jiwe. Kwa ardhi ya mawe kama ya vilima vya Ukambani, pete hiyo si anasa.

Hata hivyo, sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Mti uliopasuka huonekana. Kaboni huficha ufa. Wano lenye ufa likipigwa laweza kupasuka ugwe unapoachiliwa, na vipande vyake vikachoma mkono ulioshika upinde. Kwa hiyo kila mshale uliogonga kitu kigumu sharti ukaguliwe. Hushikwa ncha zote mbili, ukapindwa kidogo mbali na uso huku ukizungushwa, na sikio likategwa. Mlio wa kukatika, hata uwe mdogo, ni hukumu: mshale huo huvunjwa na kutupwa, haubandikwi gundi.

Vumbi litokalo wakati wa kukata kaboni nalo halifai kuvutwa puani. Vipande vyake havifai kuachwa malishoni, kwani havioziki na vinaweza kuwachoma mbuzi na watoto. Kijiti cha mkole kikivunjika, mchwa humaliza kazi.

URITHI USIO NA MAHALI

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba teknolojia ya kaboni haikuubatilisha ujuzi wa wazee wa Kitui na Makueni. Iliuthibitisha. Kukataa kijiti kisicholingana, kupima mpindo kwa vidole na kulitazama wano kwa jicho moja kutoka nyuma hadi mbele ni ukaguzi ule ule unaofanywa leo kwa mizani na mashine.

Tofauti ni kwamba ujuzi wa kiwandani umeandikwa, ilhali ule wa nyikani umo vichwani mwa watu ambao umri umewatupa mkono. Sheria ilipouondoa upinde porini, haikuupa mahali pengine pa kukaa, na kijana hawezi kurithi kile ambacho mzee anaogopa kukionyesha. Uwanja wa shabaha, usio na sumu wala mnyama, ungeweza kuwa mahali hapo. Hapo mzee angemfunza mjukuu kuchagua wano, na mjukuu akaujua urithi wake bila kuvunja sheria.