Akiba Isiyokuwapo: Gorila wa Vizimbani na Gorila wa Milima Yetu

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Katika jeshi neno hilo ni sheria, kwa maana kamanda aingiaye vitani bila ya kikosi cha akiba nyuma yake amekwisha kushindwa kabla ya risasi ya kwanza kulia. Ndiyo sababu hushtuka tunapowasikia baadhi ya wananchi wakisema kwamba, hata kama gorila wa Bwindi na Mgahinga wangetoweka, hasara isingekuwa kubwa, kwani bustani za wanyama za Ulaya na Marekani zimejaa gorila nasi tungeweza kuagiza wengine. Fikra hiyo haina budi kuchunguzwa. Je, hao gorila wa vizimbani wametoka wapi, wanatunzwa vipi, na je, ni akiba yetu kweli?

Gorila wa kwanza kuzaliwa kifungoni alizaliwa tarehe 22 Desemba 1956 katika bustani ya wanyama ya Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Aliitwa Colo, akaishi hadi Januari 2017, akiwa ametimiza umri wa miaka 60. Kabla yake, kila gorila aliyetazamwa na watu nyuma ya vyuma alikuwa ametekwa msituni, na kwa kawaida alitekwa akiwa mtoto mchanga. Nao watoto wa gorila hawatekwi bila ya damu kumwagika. Mama humkumbatia mwanawe mpaka pumzi ya mwisho, na dume kiongozi hujitupa mbele ya bunduki na mikuki ili kuwakinga wote wawili.

Mwaka 1969, katika milima ya Virunga upande wa Rwanda, watoto wawili wa gorila walikamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Mtaalamu Dian Fossey, aliyewauguza kabla ya kusafirishwa, aliandika kwamba gorila 18 waliuawa ili wawili hao wapatikane. Watoto wenyewe, walioitwa Coco na Pucker, walikufa huko Cologne mwaka 1978. Hebu msomaji apige hesabu hiyo mwenyewe.

Mtoto Umleavyo

Hata baada ya gorila kuanza kuzaa vizimbani, haikujulikana namna ya kuwalea watoto wao. Mwezi Septemba 1959, katika bustani ya Basel, Uswisi, gorila jike aitwaye Achilla alizaa binti, naye akapewa jina la Goma. Achilla alikuwa amenyang'anywa msitu angali mdogo, wala hakupata kuwaona majike wakubwa wakinyonyesha. Hakujua jinsi ya kumpakata mwanawe. Ikambidi mkurugenzi wa bustani, Ernst Lang, amchukue Goma nyumbani kwake na kumlea kama mtoto wa binadamu. Mwaka 1961 Achilla alizaa tena, safari hii mtoto wa kiume, na mara hii alimnyonyesha na kumlea mwenyewe.

Mtoto huyo alipewa jina la lugha yetu wenyewe: Jambo. Alihamishiwa bustani ya kisiwa cha Jersey mwaka 1972, akawa baba wa watoto wengi. Tarehe 31 Agosti 1986 mtoto wa kibinadamu mwenye umri wa miaka mitano alitumbukia ndani ya ua wa gorila hao, akazimia. Watu waliokuwa juu ya ukuta walipiga mayowe wakidhani ataraliwa vipande. Jambo alisimama kati ya mtoto yule na gorila wengine, akampapasa mgongo kwa vidole, na mtoto alipozinduka na kuanza kulia, aliwaongoza wenzake kuondoka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Gorila aliyelelewa na mamaye, katikati ya jamii yake, huwa na utulivu ambao mlezi wa kibinadamu ni vigumu kumpatia.

Tangu hapo wataalamu walitambua kwamba kumtunza gorila mmoja mmoja si kumtunza gorila. Kinachotunzwa ni jamii nzima.

Daftari na Uhamisho

Jamii ya gorila huwa na dume mmoja mkubwa, ambaye mgongo wake hugeuka rangi ya fedha anapokomaa, pamoja na majike kadhaa na watoto wao. Jike huchukua mimba kwa muda wa miezi minane na nusu hivi, humnyonyesha mwanawe kwa miaka mitatu au minne, na kwa hiyo hazai mara kwa mara. Msituni, jike anapopevuka huiacha jamii aliyozaliwa akajiunga na nyingine, na kwa njia hiyo damu hazichanganyiki isivyofaa. Kizimbani hakuna njia ya kwenda. Bila ya mpango, baba angezaa na binti yake, na baada ya vizazi vichache ukoo wote ungedhoofika.

Ndipo likaanzishwa daftari la nasaba la kimataifa, ambalo hutunzwa katika bustani ya Frankfurt, Ujerumani. Ndani yake kila gorila aliye kifungoni ana nambari yake, baba yake, mama yake, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipo. Tangu miaka ya 1980, bustani za Ulaya na za Marekani zimeunda mipango ya pamoja ya uzazi, kila mmoja ukiwa na mratibu wake. Mratibu hulisoma daftari na kupendekeza jike yupi ahamishwe kutoka mji huu hadi ule, dume yupi awe na jamii, na jike yupi apewe vidonge vya uzazi wa majira, vile vile wanavyotumia akina mama wa kibinadamu, ili asizae kwa sasa. Mnyama hauzwi kwa fedha. Huhamishwa kwa faida ya wote. Sisi tuliozoea amri za uhamisho tunakiri kwamba mpango huo ni wa nidhamu ya hali ya juu.

Hata hivyo nidhamu hiyo ina mipaka yake. Wanaume na wanawake wa gorila huzaliwa karibu sawa kwa idadi, lakini jamii moja huhitaji dume mmoja tu. Hao wengine waende wapi? Bustani kadhaa, kama vile Paignton ya Uingereza na Loro Parque ya kisiwa cha Tenerife, zimeweka makundi ya makapera, madume watupu wanaoishi pamoja kama askari katika bweni moja. Makundi hayo hukaa kwa amani kwa miaka kadhaa, lakini vijana wanapokomaa ugomvi waweza kuzuka, na majeraha huwa makubwa. Tena, dume mgeni akiingizwa ghafla katika jamii yenye watoto wachanga, aweza kuwaua, kwa sababu si damu yake. Kwa hiyo watunzaji hutenganisha kwanza kwa wavu, waonane na kunusana, na hufungua mlango kwa subira kubwa.

Juu ya hayo yote, kuwarudisha msituni ni kazi ngumu kuliko kuwazalisha. Mwaka 2013 shirika moja la Uingereza lilisafirisha jamii ya gorila kutoka Kent hadi Gabon. Mwaka 2014, muda mfupi baada ya kuachiwa, wengi wao walikutwa wamekufa, na ilidhaniwa kwamba walishambuliwa na gorila wa porini.

Kwetu Hakuna Akiba

Sasa tufikie kiini cha maneno yetu. Gorila waliomo katika mipango hiyo ya bustani ni gorila wa nyanda za magharibi, wale wa Kameruni, Gaboni na nchi jirani zao. Si gorila wa milimani. Gorila wa milimani hayumo hata katika bustani moja ya Ulaya au Marekani. Kituo pekee duniani kinachowatunza mayatima wao ni kile cha Senkwekwe, huko Rumangabo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo ndipo alipofia Ndakasi, mwezi Septemba 2021, mikononi mwa mtunzaji wake; alikuwa ameokotwa mwaka 2007 akiwa ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi.

Kwa hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019, gorila wa milimani walikuwa 1,063 tu: 604 katika milima ya Virunga, na 459 katika msitu wa Bwindi na ule wa Sarambwe unaopakana nao. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko jumla ya askari wa vikosi viwili vya kawaida.

Mwezi Juni 2020 mwindaji alimchoma mkuki Rafiki, dume kiongozi wa jamii ya Nkuringo iliyokuwa na gorila 17. Mahakama ilimhukumu mtu huyo kifungo cha miaka 11. Lau Rafiki angalikuwa gorila wa bustani, mratibu angalilifungua daftari na kumtafuta dume mwingine wa kumrithi. Bwindi haina daftari la namna hiyo wala mratibu wa kutoa amri ya uhamisho. Akifa kiongozi, jamii hubaki na bahati yake.

Kwa hiyo ulinzi wao hauwezi kuachiwa askari wa hifadhi peke yao. Mwananchi anayeishi kando ya msitu asitege mitego ya paa, maana mtego hauchagui mguu. Anayemwona mtu akiingia msituni na mkuki atoe habari mapema. Mgeni au mwenyeji mwenye mafua asiwakaribie gorila, kwa maana maradhi yetu huwaambukiza na kuwaua. Nao wanaogawa mapato ya watalii wahakikishe kwamba fungu la wanavijiji linawafikia wanavijiji, kwa sababu mlinzi mwenye njaa halindi.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamejifunza, kwa gharama ya damu nyingi, jinsi ya kuwahifadhi gorila wao katika daftari na vizimba. Sisi gorila wetu wamo msituni tu. Hao ndio kikosi cha mstari wa mbele, na hao hao ndio kikosi cha akiba. Nyuma yao hakuna mwingine.