Aliyenusurika na Wanaoishi Naye

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa maofisini katikati ya Nairobi walisikia mlipuko mdogo upande wa ubalozi wa Marekani. Wengi walikimbilia madirishani kuchungulia. Muda mfupi baadaye lori lililosheheni baruti likalipuka, na vioo vikawarukia usoni. Watu 213 walifariki jijini humo, maelfu wakajeruhiwa, wengine wakapofuka.

Majeraha hayo hospitali ziliweza kuyahesabu. Yaliyo magumu kuhesabu baada ya msiba kama huo ni ya nyumbani: baba amerudi na viungo vyake vyote, lakini mlango ukibamizwa anaruka, mtoto akilia anafoka, na usiku halali.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo huitambua hatari kabla mtu hajapata nafasi ya kuwaza. Ikistuka, mwili humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda, misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Msongo wa aina hiyo una faida yake, maana ndio unaomwezesha mtu kuikwepa bodaboda inayomjia. Kwa mwenye kiwewe, utulivu haurudi. Tukio limehifadhiwa vipandevipande, sauti huku, harufu ya moshi kule, bila tarehe wala mahali. Tairi likipasuka barabarani leo, mwili wake unajibu kana kwamba bado ni asubuhi ileile.

Hasira na jinamizi huonekana upesi. Kinachoitafuna ndoa kimyakimya ni ganzi ya hisia. Watafiti waliowachunguza wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam waliona kwamba ganzi hiyo ndiyo hasa iliyoendana na mifarakano kati yao na wenzi wao. Mtu anakaa mezani, anajibu akiulizwa, lakini furaha haimgusi wala huruma haimtoki. Mke huona amechokwa. Watoto nao hujifunza kunyata. Hapo mgonjwa hupoteza kilichokuwa tegemeo lake, kwa sababu kukosa watu wa kumshika mkono baada ya tukio ni miongoni mwa mambo yanayoongeza sana uwezekano wa kiwewe kuota mizizi.

Si kila aliyepatwa na janga huugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takribani asilimia 70 ya watu hupitia tukio la kutisha maishani, lakini wanaoishia kupata ugonjwa wa kiwewe ni kama asilimia 5.6. Wengi hupona kwa usingizi, kazi, ibada na majirani wanaoingia bila hodi ndefu. Kumlazimisha mtu asimulie kila kitu siku ileile ya mkasa hakumkingi. Shirika hilohilo halishauri kikao cha namna hiyo, ingawa watu wenye nia njema bado wanakipenda mno.

Kusimulia kunakosaidia huja baadaye, na kwa utaratibu. Katika tiba moja iliyojaribiwa sana Afrika Mashariki, mgonjwa hulaza kamba sakafuni iwe maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka maua penye mema na mawe penye mabaya. Kisha yeye na mnasihi huyapitia mawe hayo kwa zamu, kila moja likipewa mwaka, mahali na watu waliokuwapo, mpaka vile vipande viwe habari yenye mwanzo na mwisho.

Kambini Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, tiba hiyo ilitolewa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia. Wanasihi hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki chache. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi tisa baada ya tiba, takribani asilimia 70 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Waliopewa unasihi wa kawaida, na wanasihi walewale, walifikia kama asilimia 65. Kundi lililofuatiliwa tu bila tiba lilikomea asilimia 37.