Kipandikizi cha Sikio na Mizani ya Mwili

Tunapozungumzia upasuaji wa kumtia kiziwi kipandikizi cha koklea, maneno yetu huishia kwenye kusikia. Twasahau kwamba sikio limebeba amana mbili: kusikia, na kuuweka mwili wima.

Koklea imejiviringa mithili ya konokono. Kando yake imo mifereji mitatu ya nusu duara, itambuayo kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vitambuavyo mvuto wa ardhi. Daktari apitishapo uzi wa elektrodi ndani ya koklea, kifuko kilicho jirani nayo ndicho kidhurikacho mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, si kila udhaifu huletwa na kisu. Watoto wengi waliozaliwa viziwi, au waliopoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo, huwa wamekwisha kupungukiwa na mizani kabla ya upasuaji. Mtoto kiziwi aliyechelewa kukaa au kutembea asiitwe mvivu. Huenda sikio halimpi habari.

Ndiyo maana yafaa mizani ipimwe mapema. Hutiwa maji au hewa ya vuguvugu, kisha ya baridi, sikioni, na mtaalamu akatazama macho yanavyochezacheza. Ikibainika kwamba sikio moja ndilo litegemewalo, daktari aweza kulichagua lile jingine. Wazazi wanaoshauriwa kutia vipandikizi masikio yote mawili kwa siku moja nao wana haki ya kuuliza habari hii.

Baada ya upasuaji, wengi wapatao kizunguzungu hupata nafuu katika siku au majuma machache, kwani ubongo hujifunza kutegemea zaidi macho na miguu. Mazoezi maalumu husaidia. Wazee huchelewa; wasiinuke kwa pupa kutoka kwenye sujudu, na taa ya ukumbini iachwe ikiwaka usiku. Mtoto asiye na mizani asiachwe peke yake majini, maana akizama aweza kutojua juu ni wapi.

Hatusemi upasuaji ukataliwe. Tangu majaribio ya Paris mwaka 1957, ufundi huu umewafungulia wengi mlango wa sauti. Twasema tuulize kabla ya kutia sahihi, na asiyeijua lugha ya hospitali aombe mkalimani mtu mzima. Neno letu kizunguzungu hubeba mengi: dunia kuzunguka, miguu kupepesuka, hata macho kuingia giza. Daktari aelezwe ni lipi hasa, kwani dawa ya kila moja ni mbali.